Petroli, Maziwa na Mrija wa Dripu

Saa moja asubuhi, mwezi wa saba, baridi ya Katanga ikiwa bado mlangoni. Nilimkuta kijana wetu wa karakana amechuchumaa chini ya mashine ya kuchapisha mabango ya mita 3.2, mkono wa kulia bomba la sindano, wa kushoto chupa ya soda iliyojaa petroli, au esansi kama tunavyoiita mjini Lubumbashi.

“Papa, teti inakufa,” akasema, yaani kichwa cha kuchapishia. “Njano yote imepotea. Nilitaka niioshe mbele ya wenye kilio kufika.”

Wenye kilio walitaka bashi, yaani turubai la bango, ya mita 2 kwa 3 yenye picha ya mama yao, na matanga yalikuwa yameshaanza. Nikachukua chupa kwanza, nikaipeleka uani. Halafu nikavuta kiti, kwa sababu alichotaka kufanya hakukitunga yeye. Alikisikia. Kila karakana ya mabango katika mji huu, kuanzia zile za katikati hadi vibanda vya mitaa ya Kenya na Katuba, ina dawa zake za mashine ambazo fundi humrithisha mwanafunzi pamoja na bisibisi. Nyingine ni kweli, nyingine nusu. Ila nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kusema bila kusita: vichwa vingi nilivyovizika havikuuawa na wino uliokauka. Viliuawa na mtu aliyekuwa anavisafisha.

“Kinachoosha brashi kinaosha na mrija”

Uongo, ingawa najua ulikotoka. Kabla ya mashine hizi, bango la Lubumbashi lilichorwa kwa mkono. Mji huu ni wa wachoraji. Humu alizaliwa mwaka 1947 Tshibumba Kanda Matulu, yule aliyemchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia moja, katika miaka ya 1970. Wachoraji wa mabango wa mtaani kwetu waliosha brashi kwa petroli au terebentini, nao walikuwa sahihi, kwa kuwa rangi yao ilikuwa ya mafuta. Watoto wao wakaja kununua mashine za Guangzhou, desturi wakaibeba hivyo hivyo.

Wino wa solventi si rangi ya mafuta. Ndani yake mna mambo makubwa matatu: chembe za rangi zilizosagwa hadi zikawa ndogo kuliko sehemu ya elfu ya milimita, gundi ya jamii ya vinili, na kiyeyushi kinachobeba vyote viwili. Chembe zile zinaelea kwa sababu tu kiyeyushi na dawa zilizomo zinazizuia zisishikane. Mlete mgeni asiyepatana na gundi ile: gundi inajitenga, chembe zinang'ang'aniana, na ulichokuwa nacho kama wino kinakuwa uji. Petroli hufanya hivyo. Spiriti ya hospitali hufanya hivyo. Maji ndiyo mabaya kupita yote. Ushauri wa “maji ya moto kidogo” umetoka kwa watu wa printa ndogo za ofisini, ambazo wino wake ni wa maji, na kwao ni ushauri mzuri.

Usiniamini mimi, jaribu. Pale pale uani nilipanga glasi tatu: ya kwanza flashi, yaani kioevu cha kuoshea cha wino wenyewe, ya pili spiriti, ya tatu petroli kidogo. Kila moja nikaidondoshea matone matatu ya wino mweusi. Katika ya kwanza wino ulitanda kama moshi, glasi nzima ikawa ya kijivu sawasawa, na nilipoiinamisha ukuta wake ulibaki safi. Katika ya pili uliganda vipande vipande kama maziwa yaliyotiwa ndimu. Katika ya tatu matone yalizama yakakaa chini kama mavi ya mbuzi, na petroli juu yake ikabaki karibu nyeupe. Kijana aliitazama glasi ya tatu muda mrefu kuliko zote. Tundu la kichwa cha mashine ni jembamba kuliko unywele. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Asetoni ina kesi yake peke yake. Inayeyusha gundi ya vinili kweli, tena upesi, na hapo ndipo inapodanganya. Inayeyusha vilevile plastiki, inavimbisha raba za viungo, inalainisha gundi iliyokiunganisha kichwa chenyewe, kisha inakauka kabla haijautoa uchafu nje. Niliwahi kuona kichwa kilichooshwa kwa asetoni kikitoka kinang'aa kama cha dukani. Siku ya tatu nyekundu ilikuwa inavuja ndani ya bluu.

Tena kuna moto. Asetoni hutoa mvuke unaoweza kuwaka hata kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, petroli hata kwenye 40 chini ya sifuri. Butili glikoli asetati, kiyeyushi kinachotumika sana katika wino huu, kinataka nyuzi zaidi ya 70 ndipo kifike hapo. Na sisi kiangazi tunavuta bashi kavu juu ya roli za chuma zikatoa cheche unazozisikia vidoleni. Chupa ya petroli chini ya mashine, mwezi wa saba! Hata sikumgombeza, niliogopa tu.

“Tundu likikosekana, kichwa kimeziba”

Mara nyingi ni uongo, na ni uongo wa gharama kuliko yote, maana kichwa kipya ndicho kifaa ghali kupita vyote katika mashine.

Kichwa ni kituo cha mwisho. Wino unatoka kwenye tanki kubwa, unapita chujio, unasukumwa na pampu hadi kwenye tangi dogo lililopanda juu ya gari la vichwa. Humo mna boya linaloiambia pampu lini iwake na lini ilale. Kutoka hapo unapita chujio jingine, au dampa kwa mashine za jamii ya Epson, ndipo unaingia kichwani. Na katika mashine kubwa nyingi kuna mvuto mdogo wa hewa unaoushikilia wino usidondoke wenyewe. Popote penye kasoro katika njia hiyo, karatasi itaonyesha jambo moja tu: mistari imekosekana. Fundi ataangalia karatasi, ataangalia kichwa, atachukua sindano.

Fanya hivi kabla hujagusa kitu. Chapisha kipimo cha vitundu mara tatu mfululizo, bila kuosha katikati, uziweke karatasi sambamba. Mistari inayokosekana ikiwa ile ile, mahali pale pale, mara zote tatu, hapo una haki ya kushuku uchafu ndani ya kichwa. Ikiwa inahama, mara hapa mara pale, hiyo ni hewa. Kipimo kikitoka kizuri lakini bango likafifia baada ya nusu mita, kisha ukipumzisha mashine rangi ikarudi, basi kichwa kina njaa: chujio limejaa, dampa imechoka, au pampu haina nguvu.

Njano inasumbua kusoma kwenye karatasi nyeupe. Zima taa, fungua picha ya bluu tupu kwenye simu, mulika karatasi kwa mwanga wa kioo hicho. Njano inaimeza bluu, hivyo mistari yake inajitokeza karibu nyeusi. Tulifanya hivyo asubuhi ile. Karatasi ya kwanza ilikuwa na mistari michache upande wa kushoto. Ya pili, ile ya kushoto imekwenda, mingine imetokea katikati. Ya tatu, katikati pameota mapengo na kulia kumejaa.

“Haikufa,” nikamwambia. “Iko na njaa tu. Inakula hewa.”

Tukaufuata mrija wa njano kwa tochi, sentimita kwa sentimita, kuanzia kichwani kurudi nyuma. Kati ya tangi dogo na kichwa tukakuta kipande cha kama shubiri moja ambacho hakikuja na mashine.

“Mrija wa dripu unafaa, mradi unaingia”

Uongo, na huu ndio uliotutesa.

Kipande kile kilikuwa cha dripu ya hospitali. Kilifungwa na fundi mmoja wa kuitwa, siku ambayo mimi sikuwepo. Jina lake nalihifadhi. Na namwelewa. Mrija wa kufaa unashuka melini Dar es Salaam, unapanda hadi Tunduma, unaikata Zambia, kisha unakuja kulala foleni mpakani Kasumbalesa, safari ya karibu kilomita 2,000. Duka la dawa liko mtaa wa pili.

Lakini bashi imetengenezwa kwa kitu gani? Kwa PVC. Wino wa solventi umetungwa kwa makusudi uing'ate PVC, uzame ndani yake kidogo, ushike hata mvua ya Februari isiubandue. Mrija wa dripu kwa kawaida ni PVC hiyo hiyo, iliyotiwa kilainisho ili ipindike. Basi wino unauona mrija ule kama bango refu jembamba, unaanza kazi yake. Unafyonza kilainisho, mrija unakakamaa, na penye kiungo pale unapobanwa unafanya ufa. Ufa wenyewe hautoi hata tone, kwa sababu upande huo wa mashine wino unavutwa, hausukumwi. Unaingiza hewa. Hewa huioni, unachoona ni njano iliyopotea na kijana mwenye chupa.

Nilikikunja kipande kile kikavunjika kama tambi kavu. Ndani yake kulikuwa na ngozi ya njano, nyembamba, iliyobanduka nusu. Mirija ya kazi hii ni ya polietilini au ya Teflon. Ile ya silikoni, laini, inayopendeza mkononi, nayo huvimba, usishawishike.

Ngozi ile ya njano ndiyo iliyotuharibia saa moja zaidi. Kama ilibanduka pale, vipande vyake huenda vimeshaelekea kichwani, na sikujua huko nyuma kuna nini. Ilibidi kuosha njia yote ya njano.

“Mwaga flashi kwenye tanki, mashine itajisafisha yenyewe”

Uongo. Ukifanya hivyo umeuambia uchafu wote wa mita nane utokee mlango mmoja, na mlango huo ni vitundu vya kichwa. Mrija ukioshwa, kichwa hutolewa njiani kwanza. Tulichomoa mrija pale unapoingia kichwani, tukauziba mdomo wa kichwa usikauke, ncha ya mrija tukaielekeza kwenye kikombe cheupe cha chai. Lazima kiwe cheupe, vinginevyo utaosha kwa kukisia.

Sasa hesabu, ambayo watu wengi hawaifanyi. Mrija wenye uwazi wa milimita 4 hubeba kama mililita 12.5 kwa kila mita. Njia yetu ya njano ni kama mita 8, kwa hiyo mililita 100, glasi ndogo. Nimeona mafundi wakipitisha lita nzima ya flashi kwa mkupuo, mbio, kisha wakilia kwamba flashi ni ghali. Toa wino wote kwanza, mrija ubaki mtupu. Tuseme kwenye kuta na viungo imebaki sehemu moja ya kumi. Ingiza mililita 100 za flashi, ziache dakika kumi zilainishe, zitoe: umebakiwa na moja ya mia. Rudia: moja ya elfu. Rudia: moja ya elfu kumi. Mililita 300 zimefanya kazi ambayo lita iliyopita mbio haiifanyi. Mama yeyote aliyesuuza nguo siku ya maji kukatika anaijua hesabu hii.

Kikombe cha kwanza kilitoka rangi ya embe dodo, na ndani yake vipande vya ngozi, kimoja kirefu kama kucha ya kidole cha mwisho. Kijana alikiokota kwa ncha ya kijiti akakiinua kwenye mwanga. Cha pili kilikuwa kama chai ya mchaichai. Cha tatu ungeweza kusoma gazeti chini yake, na hicho hatukukimwaga. Kina chupa yake, kitaanzia kazi safari nyingine.

Chujio hatukuosha, tulibadilisha. Chujio lililooshwa ni sawa na chandarua kilichoshonwa: labda kizima, labda kina njia moja tu ya mbu. Kisha tukaisukuma flashi iliyobaki itoke kwa hewa ya bomba la sindano, taratibu, bila kompresa ya matairi, maana ile hupuliza maji na mafuta pamoja na hewa. Hatua hii watu huiruka. Flashi ikibaki mrijani, wino wa kwanza unaofika unakuwa mwepesi, uso wa marehemu unatoka umepauka, na mteja anasema umemwekea wino wa bandia. Atakuwa na haki nusu.

“Sukuma kwa nguvu, uchafu utatoka”

Uongo. Ndani ya mlango wa kichwa, kabla ya vitundu, kuna kichujio kidogo sana. Ukisukuma kutoka juu kwa nguvu unaukandamiza uchafu juu ya kichujio hicho, na ukizidisha unaupitisha. Njia ya busara ni kinyume: loweka uso wa vitundu kwenye flashi, kina cha milimita mbili tatu, kisha uvute polepole kutoka juu, uchafu urudi ulikotoka. DX5 ya Epson ina vitundu 1,440 katika safu 8, na kuta za ndani zinazotenganisha rangi zimeshikwa kwa gundi. KM512 ya Konica Minolta ina 512 na ni ngumu zaidi, lakini si ya kupigana nayo mieleka. Kidole gumba kikianza kuuma, wewe ndiye umekosea.

Umeme uwe umezimwa kabisa, na kebo bapa ya kichwa ifunikwe. Tone moja la flashi kwenye kebo hiyo mashine ikiwa hai linaweza kuunguza kichwa na bodi yake kwa sekunde moja.

“Beseni la mawimbi linafufua wafu”

Nusu kweli. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa zinatoa umeme. Mwaka uliofuata wakathibitisha kinyume chake, kwamba zikipewa umeme zinajikunja. Kichwa chako kinaishi kwa tabia hiyo: ukuta mdogo wa fuwele unajikunja, tone linaruka, mara maelfu kwa sekunde. Kuta hizo zimegandishwa kwa gundi, na beseni la mawimbi ya sauti halijui tofauti ya gundi na uchafu. Kama umeshakata tamaa, gusisha uso wa vitundu tu, sekunde chache, kichwa kikiwa na flashi ndani, pumzisha, angalia. Anayekizamisha nusu saa na kwenda kula bukari, ugali wetu, atarudi kukuta kichwa safi sana kisichofanya kazi.

“Wino ni wino, mradi rangi ni moja”

Uongo. Chukua chupa safi, changanya nusu kwa nusu wino wa zamani na mpya, tikisa, uache siku nzima, kisha uchuje kwa kitambaa chembamba. Kikibaki kitu juu ya kitambaa, usichanganye kamwe. Osha njia yote kwanza kwa hesabu ile ya vikombe vitatu. Na hata wino ule ule, ukikaa miezi kwenye kontena na foleni za mpakani, chembe huzama. Tikisa galoni kabla ya kumimina. Ni dakika mbili.

“Baridi inaziba mashine”

Hili ni kweli, na wageni hulicheka kwa kudhani Kongo yote ni joto. Lubumbashi iko mita 1,200 na ushei juu ya usawa wa bahari; usiku wa Juni na Julai unashuka chini ya nyuzi 10. Wino wa baridi unakuwa mzito, fuwele inajikunja kwa nguvu ile ile lakini tone halikatiki vizuri, mistari inakosekana, na fundi anakimbilia sindano kutibu homa ya saa moja asubuhi. Washa mashine, pasha chumba kifike nyuzi 20 na kitu, pima tena. Mara ngapi tatizo limeondoka lenyewe jua lilipopiga bati!

Kiangazi kina na jambo jingine, vumbi letu jekundu. Linaingia kwa kila ufa, linatua kwenye kifutio na kofia za vichwa, halafu kifutio kinalipaka juu ya vitundu kwa bidii. Kitambaa kisichotoa nyuzi, flashi kidogo, kila jioni kwenye kofia na kifutio. Vitundu vyenyewe usivisugue.

“Mashine isipoguswa haichakai”

Uongo. Kuelekea uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 mashine yetu ililala saa tatu kwa siku kama ililala. Nyuso za wagombea zilitoka usiku na mchana, na kichwa hakikukosa hata tundu moja. Januari oda zikakauka. Tuliizima tukapumzika wiki tatu, tukijiona tumestahili. Tuliporudi nyeusi ilikuwa imeshaganda. Wino wa solventi umeumbwa ukauke. Unachoweza ni kuunyima nafasi. Mstari mmoja wa rangi zote kila siku, upana wa kiganja kwa nusu mita, hata kama hakuna kazi. Ukijua utafunga wiki kadhaa, toa wino, osha, ujaze kioevu cha kuhifadhia kinachopendekezwa na mwenye wino.

Wapo wanaolisikia hili wakaenda upande wa pili, wakaosha kwa flashi asubuhi, mchana na jioni. Flashi ni kiyeyushi kikali kuliko wino wenyewe. Kila unapoiosha njia nzima unapoteza wino, unakaribisha hewa, na unalisha raba kitu kisicho chakula chao. Kama kipimo ni kizima, acha.

“Umeme ukikatika, subiri urudi”

Uongo, na Lubumbashi hili tunaliishi. Umeme ukienda katikati ya bango, vichwa vinabaki hewani, wazi. Una dakika chache. Vuta gari la vichwa kwa mkono, polepole, hadi kwenye kofia zake. Kama mashine yako haina kofia, weka chini ya vichwa sifongo iliyoloweshwa flashi, karibu lakini isiguse. Ikigusa inanyonya wino na kuchanganya rangi. Bango limeshaharibika hata hivyo. Kiokoe kichwa.

“Maziwa yanatoa sumu ya harufu”

Uongo, na huu unanikera kuliko wa petroli. Katika karakana nyingi mwenye mashine hununua pakiti ya maziwa kila siku, akaona amemaliza wajibu. Kiyeyushi kinaingia kwa pua hadi mapafuni, kutoka hapo damuni. Kinaingia pia kwa ngozi ya mikono. Maziwa yanakwenda tumboni. Hawakutani. Kichwa kinachouma jioni, macho yanayowasha, ulevi usio na pombe, hiyo ni sikloheksanoni na wenzake, na dawa yake ni hewa. Mvuke huu ni mzito kuliko hewa, unakaa chini, kwa hiyo feni ya kuutoa iwe karibu na sakafu. Ile ya juu darini inapunga tu. Glavu za mpira za hospitali flashi inazipenya upesi. Tafuta za nitrili, uzibadilishe zinapolowa. Najua mwezi wa saba watu wanafunga mlango wachape kazi kwa joto. Nami nimefanya hivyo. Pasha chumba kabla ya kuchapisha, kisha fungua.

Na flashi chafu haina haki ya kwenda kwenye mfereji wa barabarani. Mfereji unakwenda mto Lubumbashi, Lubumbashi unaingia Kafubu, na kwenye Kafubu watu wanamwagilia mboga tunazokula na bukari. Ina galoni lake lenye kifuniko.

Saa nne kasoro tulirudisha mrija, mpya, wa polietilini, niliokuwa nimeuficha kwenye kabati kama dhahabu. Wino ukapanda, tukatoa hewa kwenye kiungo, tukadondosha kidogo kwenye kikombe. Tulipima mara tatu chini ya mwanga wa bluu. Mara ya tatu mistari yote ilisimama kama safu ya wanafunzi mbele ya bendera.

Mama wa watu alikuwa amepigwa picha amefunga kitambaa cha njano kichwani. Kilitoka taratibu, mkanda kwa mkanda, na binti yake aliyekuwa amesimama pembeni akakigusa kabla hakijakauka, akabakiwa na alama kidoleni. Hatukusema kitu. Tuliziba lile doa kwa kuchapisha kipande upya, tukapiga macho ya chuma pembeni, wakaenda.

Tulikuwa tumeshaanza kazi ya mteja mwingine umeme ulipokatika. Nilimsikia kijana akilivuta gari la vichwa gizani, taratibu, hadi likabofya kwenye kofia zake. Kisha akaenda uani, akachukua ile chupa ya soda, akaimimina kwenye jenereta.